Pafu Linalotupwa kwa Mbwa

Mtu akikohoa kwa majuma mawili au zaidi, awe Songea mjini, Namtumbo au Mbamba Bay, wazo la kwanza la jirani zake na la mganga wake ni kifua kikuu. Wazo hilo ni la busara na hatulipingi. Nchi hii ilianzisha mpango wa taifa wa kudhibiti kifua kikuu na ukoma mwaka 1977, na kazi iliyofanywa humo pamoja na Dakta Karel Styblo, ya kupima makohozi kwa darubini na kumsimamia mgonjwa ameze dawa zake mpaka mwisho, ikaja kuigwa na mataifa mengi duniani. Hata hivyo, yako makohozi yanayopimwa tena na tena yasionyeshe kitu, na wako wagonjwa wanaomaliza miezi yote ya dawa na kifua kikabaki vile vile. Miongoni mwa hao huweza kuwamo mtu ambaye pafuni mwake hamna kifua kikuu hata kidogo, bali mna kifuko cha maji kilichokua polepole kwa miaka, na mbegu ya kifuko hicho ilitoka kwa tegu wa mbwa.

Tunauzungumzia ugonjwa huo leo kwa sababu moja. Mgonjwa hulazwa hospitali, lakini ugonjwa wenyewe huanzia machinjioni, na machinjio yako mikononi mwa halmashauri zetu. Daktari anaweza kumpasua mtu mmoja kwa saa kadhaa na kumponya. Shimo lililochimbwa vizuri kando ya kibanda cha kuchinjia huweza kuwakinga watoto wa kata nzima, na wala halihitaji shahada ya udaktari.

Tegu anayehusika ni mdogo mno. Urefu wake ni milimita chache tu, na mbwa mmoja huweza kubeba maelfu ya tegu hao tumboni bila ya kukonda wala kuonyesha dalili yoyote. Mayai yake hutoka pamoja na kinyesi cha mbwa, yakasambaa majanini, kwenye maji ya visima vilivyo wazi, kwenye mboga, na katika manyoya ya mbwa mwenyewe. Kondoo, mbuzi, ng'ombe au nguruwe akila majani hayo, yai huanguliwa tumboni, kijidudu kikapenya hadi kwenye damu, kikaenda kutua katika ini au katika pafu na kujijengea kifuko. Mnyama huyo akichinjwa, na pafu lake lenye vifuko likatupwa, na mbwa akalila bichi, basi duara limekamilika. Baada ya majuma sita au saba hivi mbwa huyo naye huanza kumwaga mayai.

Binadamu hakukusudiwa katika duara hilo. Huingia kwa bahati mbaya, pale anapomeza yai: mtoto aliyemshika mbwa kisha akala bila ya kunawa, mama aliyechota maji palipopita mbwa, mchungaji aliyelala karibu na mbwa wake. Ndani ya mwili wake hutendeka yale yale yanayomtendekea kondoo.

Hapa pana kosa moja la mawazo ambalo hatuna budi kulisahihisha, kwa kuwa tumelisikia hata kwa watu waliosoma. Wengi hudhani kwamba mtu hupata vifuko hivi kwa kula nyama yenye vifuko. Sivyo. Nyama ya ng'ombe mwenye kifuko pafuni haimwambukizi mlaji ugonjwa huu. Anayeambukizwa kwa kula kifuko ni mbwa. Kosa hilo limetokana, tunavyofikiri, na kuuchanganya ugonjwa huu na ndugu yake, yaani tegu wa nguruwe, ambaye wafugaji wa nguruwe wa mkoa huu wanamfahamu. Huyo wa pili kweli huingia kwa nyama ya nguruwe isiyoiva, akakaa tumboni mwa binadamu, na kinyesi cha binadamu huyo ndicho kinacholeta vifuko katika misuli ya nguruwe, na hata katika ubongo wa watu, kikawasababishia kifafa. Ni magonjwa mawili yenye njia mbili. Ukiyachanganya utajikuta unaacha kula nyama nzuri, huku ukimtupia mbwa pafu bovu, na utadhani umejikinga.

Sasa tutazame yanayotokea kifuani. Kati ya wagonjwa wa vifuko hivi, walio wengi hupata kifuko katika ini, na mapafu hufuata kwa wingi, yapata mgonjwa mmoja katika kila watano. Pafu ni laini kama sponji, kwa hiyo kifuko hukutana na kizuizi kidogo na huweza kukua haraka kuliko kile cha ini. Kinaweza kufikia ukubwa wa chungwa, au zaidi ya hapo, na mwenyewe asijue. Ndani yake mna maji maangavu kabisa na utando mweupe, na katika utando huo huzaliwa mbegu nyingi ndogo, kila moja ikiwa na uwezo wa kuwa tegu mpya ikifika tumboni mwa mbwa, au kuwa kifuko kipya ikimwagika ndani ya mwili wa mtu. Kwa miaka mtu huyu hulima, huoa, huzaa, hucheza ngoma. Pengine husikia maumivu kidogo ubavuni, au hupata kikohozi kikavu ambacho husingiziwa vumbi na moshi wa kuni.

Balaa huja siku kifuko kinapopasuka. Kikipasukia katika njia za hewa, mgonjwa hushikwa na kikohozi cha ghafla na kutoa maji mengi yenye chumvichumvi, pamoja na vipande vyeupe vyepesi vinavyofanana na ile ngozi nyembamba iliyomo ndani ya ganda la yai. Mtu akikueleza jambo hilo, usicheke wala usimpeleke kwa mganga wa kutoa majini. Amekupa dalili iliyo wazi kuliko dalili nyingi zinazoletwa hospitali. Wengine hupatwa wakati huo huo na mzio mkali: mwili huwasha na kuvimba, pumzi hubana, shinikizo la damu hushuka, na mtu huweza kufa kabla ya kufikishwa barabarani. Kifuko kikipasukia upande wa nje wa pafu, hewa na maji hujaa kati ya pafu na ubavu, na pafu hunywea.

Anayenusurika saa ile huwa hajamaliza safari. Pango limebaki pafuni, na ndani yake mmebaki utando uliokufa, ambao ni chakula kizuri kwa bakteria. Kile kilichokuwa maji safi hugeuka usaha. Homa hupanda jioni, jasho hutoka usiku, mwili hukonda, makohozi hunuka na mara nyingine huwa na damu. Usaha ukivuka na kuingia kati ya pafu na ubavu, mgonjwa huhitaji kutiwa mpira kifuani ili usaha utoke, na huenda akalala wodini kwa majuma mengi. Ukungu nao huweza kuota katika pango hilo. Sasa msomaji alinganishe mwenyewe: homa ya jioni, jasho la usiku, kukonda, damu katika makohozi. Je, kuna mtu ambaye hatasema kifua kikuu?

Ndiyo maana hatuwalaumu waganga wa zahanati. Dalili ni zile zile, na kifua kikuu ni cha kawaida zaidi kwa mbali. Tena magonjwa yote mawili huweza kumpata mtu mmoja kwa wakati mmoja. Kwa hiyo asitokee mtu akasoma ukurasa huu kisha akatupa vidonge alivyopewa. Atakuwa amejidhuru mwenyewe na jamaa zake. Tunachoomba ni maswali mawili yaongezwe pale ambapo makohozi hayaonyeshi kitu na dawa hazileti nafuu. Je, umeishi na mbwa au na mifugo? Je, umewahi kukohoa maji au ngozi nyeupe? Kisha mgonjwa apelekwe akapigwe picha ya eksirei. Kifuko kizima huonekana katika picha kama mwezi mpevu, duara lenye ukingo laini. Kilichopasuka huonyesha utando wake ukielea juu ya maji yaliyobaki, nao madaktari huufananisha na ua la yungiyungi juu ya bwawa. Aliyewahi kuiona picha hiyo hawezi kuisahau.

Na kuna jambo moja ambalo halifai kufanywa. Ukiona duara la maji katika pafu, usiingize sindano kuyavuta ili kutazama ni kitu gani. Maji yakimwagika huleta mzio tuliokwisha kuutaja, na mbegu zake huenda kupanda vifuko vingine. Kwa ini wako mabingwa wanaotumia sindano kwa utaratibu maalumu wakiongozwa na picha ya ultrasaundi. Pafu halitendewi hivyo. Tiba yake kubwa ni upasuaji wa kukitoa kifuko bila ya kukimwaga, pamoja na dawa ya albendazoli, na kama usaha umekwisha kuingia, bakteria hutibiwa pia. Upasuaji wa kifua haufanyiki kila mahali. Mwananchi wa Tunduru anayehitaji upasuaji huo anazungumzia safari ndefu, nauli, ndugu wa kumwuguza, na shamba lililoachwa bila ya mtu.

Afrika ya Mashariki inaufahamu ugonjwa huu vizuri. Turkana, kaskazini ya Kenya, imetajwa kwa miaka mingi kuwa miongoni mwa mahali palipoathirika kuliko pote duniani. Huko mbwa huishi ndani ya nyumba pamoja na watoto, maji ni haba, na viungo vya mnyama aliyechinjwa humfikia mbwa bila ya kizuizi. Shirika la madaktari wanaoruka kwa ndege, AMREF, lilifanya upasuaji huko kwa miaka mingi, na katika miaka ya 1980 likaanza kazi ya kuuzuia ugonjwa kwa kuwapunguza mbwa, kuwatibu waliobaki na kuwafundisha watu. Upande wetu, wataalamu wameukuta miongoni mwa wafugaji wa Kimasai wa Ngorongoro na Loliondo, na vifuko vyenyewe vimeonekana katika sehemu kubwa ya ng'ombe, mbuzi na kondoo waliochinjwa huko. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba zaidi ya watu 1,000,000 duniani wanaishi na ugonjwa huu wakati wowote mmoja, na kwamba hasara ya matibabu na ya mifugo hufikia dola 3,000,000,000 za Marekani kwa mwaka.

Afisa mmoja atasema: Ngorongoro ni mbali na Songea. Ilikuwa mbali. Wangoni, Wamatengo na Wayao walijulikana zaidi kwa mahindi, kahawa na tumbaku kuliko kwa makundi makubwa ya ng'ombe. Lakini tangu wafugaji walipohamishwa kutoka bonde la Usangu mwaka 2006 na 2007, makundi mengi yameelekea kusini, na Tunduru na Namtumbo zimeyapokea, pamoja na ugomvi wa mashamba ambao kila mkuu wa wilaya anaujua. Mfugaji hahami na ng'ombe peke yake. Huhama na mbuzi wake, kondoo wake na mbwa wake. Hatusemi hivyo kwa kumnyoshea kidole mfugaji, ambaye ni Mtanzania kama sisi, na ambaye ndiye wa kwanza kuugua. Tunasema kwamba ramani ya mifugo imebadilika, na ramani ya mashimo ya machinjio haikubadilika nayo.

Nani asiyekijua kibanda cha kuchinjia cha kijijini? Sakafu ya saruji iliyopasuka, nguzo mbili, boriti ya kutundikia, na mbwa watano wameketi kwa adabu wakingoja. Mkaguzi wa nyama akifika, hulikata pafu lenye vifuko na kulikataa, kama sheria inavyomwagiza. Na baada ya kulikataa? Mwenye bucha amekwisha kupata hasara, hana shimo, hana mafuta ya taa ya kulichomea, na ana haraka ya kuuwahi mnada. Pafu huruka ukuta, kama ukuta upo. Hivyo kazi nzuri ya mkaguzi hugeuka kuwa kazi ya kuwachagulia mbwa viungo vyenye ugonjwa. Mahali ambapo mkaguzi hafiki kabisa, mchinjaji hukikwangua kifuko kwa kisu, akauza kilichobaki na kukitupa kile cha hatari.

Halmashauri hutoza ushuru kwa kila mnyama anayechinjwa. Sisi tunauliza, kwa heshima zote, ni kiasi gani cha ushuru huo hurudi machinjioni kama shimo lenye mfuniko na kufuli, uzio ambao mbwa hawezi kuupenya, na ndoo ya maji. Mwaka 1973 nchi hii iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao 2,000,000 walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, kisha wakachukua majembe na kuchimba vyoo. Taifa lililoweza kuchimba vyoo kwa wingi ule haliwezi kushindwa na mashimo ya machinjio ya mkoa mmoja.

Tuwageukie ndugu zetu wa Unguja, Pemba na Mafia, ambao huenda wamesoma mpaka hapa wakijiambia kwamba maneno haya ni ya watu wa bara. Ushindi mkubwa uliowahi kupatikana juu ya ugonjwa huu umepatikana hasa visiwani. Aisilandi ilikuwa na balaa kubwa katika karne ya 19. Mtaalamu wa Kidenishi, Harald Krabbe, alikwenda huko mwaka 1863, akawapasua mbwa na kukuta tegu katika zaidi ya robo yao. Mwaka 1864 kikasambazwa bure majumbani kijitabu chake kilichowaeleza wakulima, kwa lugha yao, kwamba ugonjwa wao unatoka kwa mbwa na kwamba viungo vyenye vifuko visitupwe. Sheria za mwaka 1869 na 1890 zikafuata, na ugonjwa ukatoweka humo katika karne ya 20. Wakati huo hapakuwa na albendazoli wala ultrasaundi. Palikuwa na watu wanaojua kusoma na wanaozika mapafu. Nyuzilandi ilitunga sheria yake mwaka 1959 na ikatangaza mwaka 2002 kwamba imekwisha kuusafisha. Tasmania ilitangaza vivyo hivyo mwaka 1996. Saiprasi ilianza kazi hiyo mwaka 1971.

Kisiwa kina mpaka ambao tegu hawezi kuuvuka kwa miguu. Lakini anaweza kupakiwa. Visiwa vyetu hununua ng'ombe na mbuzi kutoka bara, hasa zinapokaribia sikukuu, na mnyama hushuka bandarini akiwa na kifuko alichokipata miaka miwili nyuma. Hadi hapo hakuna aliyedhurika: nyama ni halali, na mlaji yu salama. Hatari yote imekusanywa katika tendo moja tu, yaani lile pafu linakwenda wapi. Siku ya Idi ya kuchinja, wanyama wengi huchinjwa majumbani kwa muda wa saa chache, mbali na macho ya mkaguzi. Katika nyumba ambayo haifugi mbwa hakuna anayemfikiria mbwa, naye mbwa wa mtaani hufikiria kwa niaba ya wote, akaja usiku na kulifukua lililofukiwa nusu dhiraa. Masheikh wanaowafundisha waumini adabu za kuchinja wangefanya jambo kubwa wakiongeza kwamba pafu na ini lenye vifuko lichomwe, au lifukiwe kina ambacho mbwa hakifikii.

Pemba wana ushahidi wao wenyewe kuhusu mbwa. Walipoanza kuwachanja kwa wingi mwaka 2010, kichaa cha mbwa kilitoweka kisiwani mwaka 2014. Mwaka 2016 kilirudi kwa kuletwa kutoka nje, wakachanja tena, na mwaka 2018 kikaondoka tena. Kisiwa kiliweza, kikavamiwa kupitia baharini, kikaweza mara ya pili.

Afya na mifugo si mambo ya Muungano. Ng'ombe anapovuka bahari hutoka mikononi mwa wizara moja na kuingia mikononi mwa nyingine, na hata hapa bara mgonjwa ni wa wizara ya afya na mbwa ni wa wizara ya mifugo. Mwaka 2018 Serikali ilizindua Dawati la Afya Moja katika Ofisi ya Waziri Mkuu kwa sababu ya matatizo ya namna hii hii. Tungependa kuona dawati hilo likifika hadi ngazi ambayo daktari wa mkoa, akimtoa mtu kifuko pafuni, humpigia simu bwana mifugo siku hiyo hiyo na kumtajia kijiji.

Kazi ya kwanza inaweza kuanza katika kampeni ijayo ya kuchanja mbwa dhidi ya kichaa. Mbwa ni wale wale, bwana mifugo ni yule yule, na mbwa amekwisha kushikwa na kamba shingoni. Ongeza kidonge cha prazikwanteli kilichofichwa ndani ya kipande cha nyama. Dawa hiyo humtoa tegu lakini haiui mayai, kwa hiyo mbwa afungwe mahali pamoja kwa siku mbili tatu na kinyesi chake kichomwe au kifukiwe. Dozi moja kwa mwaka haitoshi, maana mbwa aliyesafishwa leo akila pafu bichi kesho atakuwa na tegu tena kabla ya miezi miwili kupita. Wataalamu hupendekeza angalau mara nne. Halmashauri itakayoona kwamba mara nne kwa mwaka ni gharama kubwa mno, ianze na kufuli la shimo.